Siku Niliyofungua Propela ya Gari Jekundu

Mwanangu Otmar,

Habari za chandarua, sabuni na kuchemsha maji ya ziwa mama yako ameshakupa, tena mara mbili. Mimi sizirudii. Nikizirudia nitazikosea, na isitoshe umemaliza kidato cha nne, ukiumwa tumbo kwa kunywa maji mabichi shauri yako. Nimekaa kwenye benchi la gereji, saa tisa mchana, na mbele yangu hakuna gari hata moja. Kuku wa jirani wanafukua penye madoa ya oili. Nafasi ya kuandika ninayo. Wiki nzima hii nimekuwa nayo.

Kesho unashuka Mbamba Bay kwa mjomba wako Katbeti, ukajifunze kutengeneza injini za boti. Barua yake uliisoma wewe mwenyewe kwa sauti, pale sebuleni. Aliandika: "Shemeji, niletee mpwa wangu nimfundishe kazi. Nitamwonyesha kwanza mguu, halafu spana, asije akasahau jiwe kama mjomba wake." Ukacheka. Mama yako akatikisa kichwa, akasema kaka yake haachi utani hata kwenye karatasi. Mimi nikatoka nje nikajitia nakagua betri.

Katbeti hakusahau jiwe. Nakuandikia hilo mapema, nisije nikazunguka weee mpaka karatasi ikaisha. Ulilelewa ukijua kwamba mjomba wako alipoteza mguu kwa uzembe wake mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyojua mama yako miaka yote hii, ndivyo wanavyojua ndugu zao wote kule Ngumbo, na kibaya zaidi, ndivyo anavyojua yeye mwenyewe. Uongo huo niliutunga mimi. Sasa nikueleze ulivyokuwa, uamue mwenyewe mimi ni baba wa namna gani.

Unajua nilikuwa fundi wa ushirika. Hilo nimelisema mpaka mnalichoka. Tulikuwa na malori ya kubeba kahawa, tulikuwa na gereji yenye sakafu ya saruji, shimo la kuingia chini ya gari lenye ngazi ya chuma, na kabari za mninga, nzito, zimechongwa kwa mkono, za kuzuia magurudumu mbele na nyuma. Fundi mkuu wetu alikuwa mzee mkali wa Kitai. Ukiingia chini ya gari bila kabari alikuwa anakuja anakaa kwenye ngazi, anakuangalia tu, mpaka unatoka mwenyewe kwa aibu. Nilimchukia sana yule mzee.

Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Wanunuzi binafsi wakaingia, kila mmoja na mizani yake na pikapu yake, na watu tukafurahi kweli, kwa nini nidanganye. Ushirika ukaanza kupumua kwa shida. Malori yakapandishwa juu ya matofali. Siku ya mwisho tuliambiwa turudi nyumbani tusubiri tangazo. Mimi sikusubiri. Nilibeba boksi la spana nikalipitisha nyuma ya ghala, na hadi leo ndilo ninalofanyia kazi, kwa hiyo ukisikia nikiwatukana wezi waliomaliza ushirika, jua ninajitukana na mimi. Kabari niliziacha. Nilidhani ni mbao tu.

Nikafungua gereji hapa uani. Mbinga unaijua, chungwa likikuponyoka mlangoni unakwenda kuliokota kwa jirani. Sakafu ya saruji sina, nikachimba mtaro kwenye huu mteremko, gari likae juu yake, mimi niingie chini. Kabari sina, nikatafuta jiwe. Kila gari hapa mjini lilikuwa na jiwe lake, maana breki za mkono zilikuwa zimekufa zote na kuzifufua hakuna aliyejali. Unatia gia, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, unaenda zako. Sote tuliishi hivyo na tukaona ni ufundi.

Mwaka huo Katbeti alikuwa anakaa kwetu. Alipanda kutoka ziwani akasema amechoka kuvuta nyavu za watu, anataka ufundi. Alikuwa na mikono mizuri kuliko mimi, hilo pia sikuwahi kulisema. Tulitaniana kutwa. Mimi namwambia nyie watu wa ziwani mkikosa dagaa wenu wa usipa siku mbili mnaandika wosia, yeye ananiambia Mmatengo ukimnyang'anya maharage hana tena la kuzungumza. Wewe ulikuwa darasa la pili. Alikuwa anakubeba mabegani kukupeleka shule, na ulimpenda kuliko ulivyonipenda mimi. Nilikuwa naona.

Ndipo akaja Bwana Faraji, mnunuzi wa kahawa. Alikuwa amenunua huko Songea gari la mbio la zamani, la Kiingereza, jekundu, viti viwili, halina paa, usukani wa mbao. Gari lisiloweza kubeba hata debe la mahindi. Alitaka aingie nalo sokoni Jumapili watu wakitoka kanisani. Shida yake ni kwamba likikolea mwendo lilikuwa linatetemeka mpaka meno yanagongana. Nililiendesha mara moja nikajua. Krosi ya propela, kile kiungo chake cha kupindia, ilikuwa imekwisha. Propela ni lile bomba la chuma linalopita katikati chini ya gari, linalotoa nguvu kwenye giaboksi mbele na kuipeleka kwenye difu nyuma, magurudumu yazunguke. Ili ubadilishe krosi lazima propela ifunguliwe, itoke yote.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa," nikamwitikia, kama kasuku.

Sikiliza sasa namna kazi ilivyokuwa, maana utaulizwa. Propela imefungwa kwenye difu kwa boliti nne. Ukiwa chini unafikia mbili tu, nyingine mbili ziko juu zimejificha. Kuzifikia ni lazima propela izunguke, na kwa kuwa magurudumu yako ardhini, haizunguki mpaka gari lisogee. Kwa hiyo: unatoa jiwe, unatoa gia, mwenzako anasukuma gari kupanda kama shubiri moja, unatia gia, anarudisha jiwe, unarudi mtaroni kufungua boliti nyingine. Boliti zimeshika kutu ya miaka. Spana zangu nyingi ni za milimita, gari ni la inchi, inateleza, nachubuka vidole, natukana. Tulirudia mchezo huo asubuhi nzima, toa jiwe, rudisha jiwe, toa, rudisha. Na kila mara Katbeti alilirudisha bila kukumbushwa.

Kabla sijagusa boliti ya kwanza nilichukua tindo nikapiga alama mbili, moja kwenye propela na moja kwenye difu, ili wakati wa kufunga zikutane palepale, gari la tajiri lisije likatetemeka. Hilo nilikumbuka. Nikamwita Katbeti aone, nikamwambia huu ndio ufundi wenyewe.

Ikabaki boliti moja. Tukasukuma mara ya mwisho, nikatia gia, nikaingia mtaroni. Katbeti akasimama nyuma ya gari na jiwe mkononi. Pale ambapo jiwe lingekaa ndipo alipotakiwa kupiga magoti ili aingize mkono chini na kushika ncha ya propela, isije ikaniangukia usoni. Akaniuliza: "Shemeji, jiwe naliweka wapi?"

Nilikuwa na joto, nilikuwa na hasira, Bwana Faraji alishapita mara mbili kuchungulia. Nikamwambia: "Achana nalo. Gia imeingia, haliendi popote. Shika propela."

Akaliweka pembeni. Akapiga magoti, akashika.

Otmar, hata mtoto anaelewa. Gia hushika magurudumu kwa kupitia propela. Ukishafungua propela, tia gia usitie, ni kazi bure, gari halijashikwa na kitu. Mimi nilikuwa nafungua kwa mkono wangu kitu pekee kilichokuwa kimelizuia lile gari, na nilikuwa nimetoka kumweleza mwenzangu, kwa sauti ya kifundi, kwamba hicho ndicho kinachotulinda. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Nilijua. Kujua nilijua, sikufikiri tu.

Boliti ikatoka. Nikagonga kwa nyundo mara moja, propela ikaachia. Gari likaondoka taratibu kabisa, halikuwa na haraka yoyote. Nikaona mwanga unaingia mtaroni kutoka mbele, halafu nikaona mawingu. Likapita lote juu ya kichwa changu bila kunigusa. Yeye alikuwa nyuma yake, amepiga magoti, ameshika propela kama nilivyomwagiza. Likamsukuma mpaka kwenye matofali niliyorundika kwa ajili ya jiko la mama yako.

Sitakuandikia alivyolia. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Tulipokwisha kumpakia kwenye pikapu ya jirani kumpeleka hospitali, Bwana Faraji akatokea. Akazunguka gari lake, akapapasa bonde lililoingia nyuma, akaniuliza: "Nani ameharibu gari langu?" Habari ya mtu aliyeumia sikusikia akiiuliza. Na mimi, damu ya shemeji yangu iko bado kwenye shati langu, nikajibu: "Shemeji hakuweka jiwe."

Maneno matatu. Yalitoka yenyewe, hata sikuyatafuta. Nilidhani namwambia yule tajiri tu, anipishe, asinichukulie vifaa. Lakini vijana wa jirani walikuwa wamesimama pale, na kabla sijafika hospitali mama yako alishayasikia. Nikamkuta mlangoni pa hospitali. Akaniuliza, "Kweli Katbeti hakuweka jiwe?" Ningeweza kuyameza palepale. Nikajibu, "Kweli, hakuweka."

Kisha homa ikamshika Katbeti, siku tano anaweweseka. Nilikaa naye, usifikiri nilimkimbia. Nilikuwa naombea apone, na humohumo kwenye maombi nilikuwa naogopa atakachosema akizinduka. Siku ya sita akafungua macho. Akaangalia shuka lilivyolala bapa upande mmoja, akalipapasa. Halafu akaniuliza, polepole, maana siku ile yote ilikuwa imemfutika kichwani:

"Shemeji. Kwenye homa nimewasikia wanasema nilisahau jiwe. Ni mimi nilisahau?"

Wodini tulikuwa wawili. Hakuna aliyekuwa amenishikia panga. Nikamwambia, "Ndiyo, Katbeti. Ulisahau. Usijali, ni bahati mbaya."

Akalia. Na unajua alichosema? Alisema, "Nisamehe, shemeji, nimekuharibia kazi."

Nikamsamehe, mwanangu. Nilimsamehe kabisa, na mkono nikampa.

Baada ya mwezi wakaja wakwe zangu kutoka Ngumbo, wamepanda milima yote ile kuja kuomba radhi kwa niaba ya kijana wao, kama ilivyo desturi kijana wako anapoharibu nyumbani kwa shemeji yake. Mbele alikuwa bibi yako, amebeba jogoo chini ya kwapa na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Akapiga magoti hapo mlangoni, mama mkwe wangu, mbele yangu mimi. Akasema, "Baba, tumekukosea. Kijana hakutuliza akili." Nikamwinua, nikasema yamekwisha. Jogoo akachinjwa siku ileile. Nikamla.

Umewahi kuniuliza kwa nini siendi Ngumbo kwenye misiba yao. Nilikuwa nasema barabara mbaya.

Lile gari halikutembea tena. Bwana Faraji alikaa misimu miwili akahama na mizani yake, gari likaachwa nyuma ya ghala, kuku wakataga kwenye viti, mwishowe likauzwa chuma chakavu. Kwa hiyo mguu wa mjomba wako haukumnufaisha mtu. Miaka mingi nilikuwa na watu wa kulaumu. Nililaumu ruksa, nililaumu waliokula ushirika, nililaumu tajiri, nililaumu huu mteremko. Na ni kweli, ningekuwa bado kwenye sakafu ya saruji yasingetokea. Nilikuwa nalala vizuri tu na maelezo hayo. Lakini si ruksa iliyosema achana na jiwe. Sauti ile ilikuwa yangu.

Sikuambii useme kweli siku zote. Kila mzazi huandika hivyo, na mimi sina mdomo wa kuliandika. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona: nilidhani uongo nitausema mara moja halafu nitapumzika. Haukunipa kupumzika. Nilitakiwa kuusema tena kila alipokuja mgeni, kila mama yako alipomgombeza kaka yake kwa uzembe, na yeye ameinamisha kichwa anapokea. Miaka yote hii mama yako anamgombeza mtu asiye na kosa, na mimi nimekaa pembeni natafuna. Halafu yeye akashuka ziwani, akajifunza injini peke yake, akiwa amekaa kwenye kigoda, gongo pembeni, na leo watu wanatoka mpaka ng'ambo Malawi kumletea kazi. Mimi mwenye miguu miwili nahesabu kuku wa jirani. Nilimwonea wivu. Lijue hilo nalo. Nilimwonea wivu mtu niliyemlemaza.

Kila kijana anayemfundisha anamwonyesha kwanza ule mguu na kumwambia, tazama, hivi ndivyo mtu mjinga anavyokuwa. Ningeweza kuvumilia awaambie vijana wa watu. Nilipofikiria akikwambia wewe, asubuhi ya kwanza, na wewe unaitikia ndiyo mjomba, nikaona siwezi. Nimekawia mno, najua. Kama asingekuita wewe huenda ningekufa nalo. Usinipambe kwa hili.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuaga kwa baba yako mdogo, nilimweleza mama yako. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilieleza yote kama nilivyokuandikia, mpaka wodini. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Na yule jogoo wa mama?"

Nikasema nilimla.

Akasema, "Nakumbuka. Ulilalamika chumvi imepungua." Akaendelea kuchambua maharage.

Sasa, barua hii nakupa kesho stendi. Isome njiani, gari likishapita Tingi, usiisome mbele ya watu wa hapa. Ukifika, msalimie mjomba wako, kisha umpe aisome yote, hata kabla hujakaa. Usimfupishie na usinitetee. Akikwambia rudi, usimnunie, rudi, na kosa liwe langu. Akikwambia kaa, kaa umtumikie vizuri, lakini usimwombe anisamehe. Hiyo si kazi yako, na msamaha wa kutumiana watu nimeshauona ulivyo. Nitashuka mwenyewe wiki ijayo. Nitapitia kwanza Ngumbo kwa bibi yako, nipige magoti mlangoni kwake, kisha nije kwa Katbeti. Akitaka kunipokea atanipokea. Akitaka kunifukuza mbele ya vijana wake anayo haki hiyo, na wewe usiingilie.

Jambo la mwisho, ambalo alfajiri utakuwa umeliona bila kulielewa. Begi lako liko tayari mlangoni, nimeliona nilipoingia kunywa maji. Kando yake kuna la pili, limefungwa kwa kanga ya mama yako. Nimemuuliza kama anakusindikiza mpaka stendi. Amesema anakwenda kwa kaka yake. Atarudi lini hakusema, na mimi sikuwa na mdomo wa kumuuliza.

Baba yako,
Alanus